Matembezi yasiishie kwenye fulana

Mnamo Desemba 2016, Ndugu Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kuhimiza mazoezi nchini na kuagiza kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya wananchi kujitokeza kufanya mazoezi. Matembezi ya pamoja sasa ni jambo la kawaida mijini. Idara, mashirika na vikundi vya mitaani hushindana kwa wingi wa watu na kwa urefu wa safari. Hilo ni jambo la kupongezwa.

Hata hivyo, pongezi hizo zisifunike ukweli. Aghalabu matembezi hayo huwa sherehe ya siku moja. Fulana mpya hugawiwa, matarumbeta hupigwa, mgeni rasmi hutoa hotuba, na kabla jasho halijatoka sawasawa magari huwa yamekwisha kujipanga kuwarudisha wakubwa majumbani. Jumatatu ikifika, watu wale wale hukaa kitini tangu asubuhi hadi jioni, na hata faili lililo chumba cha pili hutumwa tarishi alilete.

Inafaa kuuliza ni nani hasa anayehimizwa kutembea. Mkulima wa jembe la mkono, mama anayefuata maji kisimani na mchuuzi anayezunguka na bidhaa zake kutwa hawakosi mwendo. Anayeukosa ni mtumishi wa ofisini, na mwalimu ambaye kipindi kikiisha huinamia madaftari hadi jua linazama.

Hatari ya kiti imejulikana kwa miaka mingi. Mwaka 1953 daktari Mwingereza, Jeremy Morris, na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva, waliokaa siku nzima, walionekana kupatwa na maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi wakikata tiketi. Basi lilikuwa moja, barabara ilikuwa moja. Mmoja alikaa na mwenzake alitembea.

Hapa nchini, uchunguzi wa mwaka 2012 uliohusu watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kwamba takriban robo yao walikuwa na shinikizo la juu la damu. Maradhi hayo, pamoja na kisukari, hayana haraka. Huingia kimya kimya, na yakishakomaa humdai mgonjwa dawa za maisha, huidai familia akiba yake, na hulidai Taifa mtaalamu liliyemsomesha kwa gharama kubwa.

Kinga yake haihitaji fedha nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Nusu saa ya mwendo wa haraka kwa siku 5 hutosheleza kiwango cha chini. Mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Wala asikate tamaa anayeshindwa kufikisha hatua 10,000 zinazotajwa sana. Hesabu hiyo ilivuma kutokana na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, na utafiti wa karibuni umeonyesha kwamba faida huanza kupatikana kwa hatua chache zaidi. Jambo la maana ni kutoacha. Haba na haba hujaza kibaba.

Historia ya nchi hii inao mfano wa kiongozi aliyetembea kwa vitendo. Oktoba 1967, Mwalimu Julius Nyerere alikwenda kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 200, kuhudhuria mkutano mkuu wa TANU na kuliunga mkono Azimio la Arusha. Safari ile haikuwa ya kutafuta afya. Lakini wananchi waliona kwamba aliyewataka wajitegemee alikuwa tayari kuitegemea miguu yake mwenyewe.

Kwa hiyo, kila ofisi na kila shule haina budi kuunda kikundi cha matembezi chenye ratiba ya kila wiki. Ushindani uwe wa mahudhurio, si wa mbio, ili mzee anayekaribia kustaafu aweze kulishinda kundi la vijana watoro. Wenye maradhi wapate kwanza ushauri wa daktari. Mkuu wa idara awe wa kwanza kufika, na arudi kwa miguu kama wenzake.

Halmashauri za miji nazo zina deni. Si haki kumhimiza mwananchi atembee huku njia ya waenda kwa miguu imegeuzwa maegesho ya magari, mitaro haina vifuniko na taa za barabarani haziwaki. Mwanamke anayetoka kazini magharibi hawezi kuambiwa ateremke kituo kimoja kabla ikiwa njia yenyewe ni ya hatari.

Fulana hupauka na hotuba husahauliwa. Matembezi ya Jumamosi ya pili yatapimwa kwa kinachofanyika Jumatatu, pale mtumishi atakapoinuka kitini na kulifuata faili mwenyewe.