Nyawera: Beseni la mama linakamatwa, hati ya ukingo wa mto haiguswi

Mara nyingi viongozi wanapotangaza hatua za kusafisha mji wa Bukavu, kulinda mito na kurudisha utaratibu barabarani, operesheni inaanzia Nyawera. Mama wauzishaji wanaokaa kando ya barabara ndio wa kwanza kuonja fimbo. Nyanya zinakanyagwa, sambaza zinamwagika katika tope, beseni linapandishwa ndani ya gari. Siku chache zinapita, na mama yule yule anarudi fasi ile ile, kwa sababu watoto wanapaswa kula na minervali inadaiwa.

Hakuna anayekataa utaratibu. Sashe linalotupwa Nyawera haliishii Nyawera. Mvua inalisukuma mferejini, mfereji unalipeleka katika mto Kawa, na Kawa inalimwaga ndani ya ziwa Kivu. Ziwa hilo lina mlango mmoja tu wa kutokea, ndio mto Ruzizi, hapa hapa Bukavu. Takataka zinafuata maji hadi bwawa la Ruzizi I, zinaziba mitambo ya SNEL, na wakaaji wanabaki gizani. Wazamiaji wanalazimika kushuka majini kuziondoa kwa mikono. Basi hatua zinahitajika. Swali ni moja: zinamgusa nani?

Plastiki kwanza. Tangu tarehe 30 Desemba 2017 kuna amri ya serikali ya Kongo inayokataza kutengeneza, kuingiza, kuuzisha na kutumia masashe ya plastiki. Mama wa Nyawera hayatengenezi wala hayaingizi inchini. Anayanunua depo kwa sababu mteja anayadai. Ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda ilikataza masashe tangu 2008, na anayevuka nayo ananyang'anywa mpakani. Mto ni ule ule, daraja ni lile lile. Upande wa kule sheria inalisubiri sashe kwenye kizuizi. Upande huu inalisubiri mikononi mwa mama.

Kisha ukingo wa mito. Nyumba zinabana Kawa pande zote mbili, na kuta zingine zinagusa maji. Ukuta wa saruji haujengwi usiku mmoja. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 inadai uchunguzi kabla ya mradi wowote unaoweza kuharibu mazingira. Kifungu cha 53 cha Katiba kinaipa serikali kazi ya kulinda mazingira na afya ya wananchi. Pamoja na hayo yote, wenye viwanja wanapoulizwa, wako wanaotoa hati yenye muhuri. Muhuri huo haukupigwa sokoni. Ulipigwa ofisini.

Wakaaji wa Kivu ya Kusini wanajua bei ya uzembe huo. Tarehe 4 Mei 2023, katika Kalehe, mito ilishuka na mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi, na zaidi ya watu 400 wakakufa. Maji hayakuuliza nani ana hati na nani hana.

Wengine watasema mama anayefunga barabara naye anavunja sheria. Ni kweli. Lakini anayepokea kodi kutoka beseni asubuhi hawezi kulipiga teke mchana na kuita jambo hilo utaratibu. Kama fasi ile ni haramu, kodi yake pia ni haramu.

Hatua za kweli zinajulikana. Serikali itangaze wazi orodha ya hati zote zilizotolewa kwenye ukingo wa mito ya Bukavu, pamoja na majina ya waliozitia saini. Maskini aliyejenga pale kwa kukosa fasi nyingine aonyeshwe kiwanja kabla nyumba yake haijabomolewa. Masashe yazuiliwe mpakani na kwenye madepo, ndipo yafuatwe sokoni. Na mama wauzishaji wapewe meza ndani ya soko, pipa la takataka, na gari la kuliondoa kila siku.

Operesheni ijayo ianzie kwenye kabati la hati. Ikimaliza pale, ndipo ishuke Nyawera, na itawakuta mama wenyewe wameshika ufagio.