Usipuuze koo la mtoto, laweza kuharibu moyo

UGONJWA wa moyo ukitajwa hapa mjini, wengi wetu humfikiria bwana mwenye kitambi anayekula nyama choma kila Ijumaa na kwenda kazini kwa gari. Ni kweli chumvi, mafuta, sigara na pombe huudhuru moyo, na ni vyema tuzidi kuonywa. Lakini huko Merigi, katika eneo la majani chai la Bomet, mgonjwa wa moyo aweza kuwa msichana wa miaka 17, mwembamba, aliyepanda milima kwa miguu kwenda shule tangu utotoni, na ambaye sasa hawezi kutoka mtoni na mtungi bila kuketi apumue.

Ugonjwa wa aina hii huanzia kooni. Mtoto, hasa wa kati ya miaka 5 na 15, hupata mafindofindo yanayoletwa na vijidudu viitwavyo streptokoka. Mwili unapopigana navyo, mara nyingine hukosea ukashambulia viungo na moyo wake wenyewe. Wiki mbili au tatu baadaye mtoto hushikwa na homa. Magoti na vifundo vya miguu huvimba, na uchungu huhama kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Viungo hupoa. Lakini homa ikirudi tena na tena, vali za moyo, yaani vilango vinavyoiruhusu damu kupita upande mmoja tu, hukakamaa au huvuja.

Vijidudu hivyo huenea upesi pale watoto wengi wanapolala chumba kimoja, na kule kwenye baridi madirisha hufungwa mapema. Mtoto akilalamika koo hupewa maji ya chumvi. Wengine hupelekwa kukatwa kimio! Goti likivimba, husemwa alianguka akicheza. Siwalaumu sana wazazi hao, kwani hata sisi wasomaji wa magazeti hufanya vivyo hivyo.

Mara nyingi siri hufichuka mama anapokuwa mjamzito, kwa sababu damu huongezeka mwilini na vali iliyokazana hushindwa kuipitisha. Hospitali ya Tenwek, karibu na mji wa Bomet, hupasua moyo na kubadilisha vali, na wengi wa wanaopasuliwa hapo ni vijana walioharibiwa na homa hii. Ni jambo la kujivunia kwamba mkulima wa majani chai hapeleki mwanawe India. Hata hivyo, mwenye vali ya chuma humeza dawa ya kuzuia damu isigande maisha yake yote na kupimwa damu mara kwa mara. Dawa yenyewe, warfarini, yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Fikiria msichana wa miaka 20 akielezwa hayo kabla hajaolewa.

Yote haya huzuiwa kwa penisilini. Si kila koo linalouma lina streptokoka. Mengi ni mafua tu. Lakini mtoto mwenye homa, anayeumia akimeza, tena hakohoi wala hatokwi na kamasi, na apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Aliyekwisha kuugua baridi yabisi hudungwa benzathini penisilini kila wiki 3 au 4 kwa miaka mingi. Huko Gulu, Uganda, madaktari walifuatilia kwa miaka miwili watoto 818 ambao ugonjwa wa vali ulikuwa umeanza bila dalili. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021: kati ya waliodungwa, 3 tu ndio waliozidiwa, kati ya wasiodungwa, 33.

Sindano hii ni ya zamani na bei yake ni nafuu. Huuma, kweli, na mtoto anayejiona mzima haoni sababu ya kuifuata. Mara nyingine zahanati haina dawa. Ajabu ni kwamba tuko tayari kuitisha harambee ya upasuaji, lakini sijawahi kualikwa kwenye harambee ya nauli ya kwenda kudungwa.

Msomaji unayetuma pesa nyumbani kila mwisho wa mwezi, uliza kama kuna mtoto aliyeugua koo kisha magoti. Ikiwa yupo, daktari amsikilize moyo, na tarehe ya sindano ijayo iandikwe kwenye kalenda iliyo ukutani.