Fizi zinatoka damu Buseresere: kwa nini kung'oa jino si jibu la kwanza

Buseresere, wilayani Chato, imeshikana na Katoro ya wilaya ya Geita kiasi kwamba mgeni anaweza kuvuka mpaka wa wilaya bila kujua. Pande zote mbili pesa nyingi hutokana na dhahabu. Hapa mtu akilalamika kwamba fizi zinatoka damu na meno yanacheza, ushauri tunaousikia zaidi mtaani ni mmoja: nenda kang'oe.

Hilo ndilo tunalotaka kulitazama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa mkali wa fizi unawagusa watu wapatao bilioni 1. Mara nyingi haumi mwanzoni, ndiyo maana watu huchelewa. Utando wa vijidudu usiposafishwa unagumu na kuwa ugaga, fizi zinavimba, halafu taratibu mfupa unaoshika jino unaliwa. Mfupa ukishaliwa, kwa kawaida haurudi wenyewe. Tiba inachoweza kufanya ni kuusimamisha ugonjwa pale ulipofika.

Je, hiyo inatosha kubadili maisha ya mtu? Wataalamu wana namna ya kulipima hilo. Wanamuuliza mgonjwa mambo manane ya kila siku: kula, kuzungumza, kupiga mswaki, kulala, kucheka bila kuficha meno, hali ya moyo, kazi na kukaa na wenzake. Watafiti Masalu na Åstrøm walichapisha mwaka 2003 matokeo ya kulijaribu dodoso fupi la aina hiyo kwa wanafunzi wa Tanzania. Ukiyatazama maswali yale, utaona kwamba mtu anayenuka mdomo na kukwepa vikao ameathirika hata kama hana maumivu. Kumng'oa meno kunaondoa harufu, lakini kunamwachia shida ya kutafuna na aibu ya pengo.

Tiba yenyewe ni kuondoa ugaga juu ya fizi na chini yake, wakati mwingine kwa ganzi. Maji ya chumvi yanatuliza tu, na vidonge vya antibayotiki peke yake haviondoi ugaga. Hapa kuna jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi mapema: uvimbe ukishuka, meno huonekana marefu, maji baridi yanachoma, na jino lililokuwa limeshikiliwa na ugaga linaweza kucheza zaidi kwa muda. Mtu anarudi nyumbani akisema daktari kamharibia meno, na jirani anayemsikia haendi tena. Dakika tano za maelezo kabla ya kazi zingeokoa meno mengi.

Wenye kisukari wana sababu ya ziada. Sukari ikiwa juu fizi huharibika haraka, na fizi zilizoharibika huifanya sukari iwe ngumu kudhibiti. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2022 yalionyesha kwamba kutibu fizi kunashusha kipimo cha sukari ya miezi mitatu kwa takriban asilimia 0.4. Ni kiasi kidogo, lakini kina maana kwa mgonjwa.

Kisha kuna zebaki, na hapo ukanda wetu unatofautiana na mingine. Mvuke wa zebaki ukivutwa kwa muda mrefu unaweza kuvimbisha fizi, kujaza mate mdomoni, kulegeza meno na kutetemesha mikono. Mwaka 2003 Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda lilipima afya za watu wa Rwamagasa, Geita, na kuwalinganisha na wakazi wa Katoro. Kati ya wachomaji 104, watu 25 walikutwa na sumu ya zebaki.

Kwa hiyo mchomaji wa dhahabu akisafishwa ugaga kisha akarudi kuchoma zebaki jikoni, fizi zake zinaweza kuendelea kuvimba, na mke na watoto wanaovuta mvuke huohuo wako hatarini pia. Tunawaomba wasikilizaji wetu wanaofanya kazi hiyo wamwambie tabibu wa meno hata asipouliza, hasa kama mikono imeanza kutetemeka. Kuchomea nje, mbali na nyumba, kwa chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke, hupunguza kiasi kinachoingia mwilini.