Nani Anunua Makaa?

Ndugu Wafanya Kazi,

Kila ukame ukija, sisi wa mjini Garissa twawalaumu wachunga ngamia kuwa wamemaliza miti. Lakini magunia ya makaa yaliyopangwa kando ya barabara hununuliwa na nani? Mchungaji huokota vijiti vikavu, apike. Wanunuzi ni sisi wenye mshahara.

Mgunga haukui upesi. Nyasi zikiisha, maganda na majani yake ndiyo chakula cha mbuzi na ngamia. Tukiuchoma, twachoma maziwa ya watoto. Tumekwisha kuona Dadaab: kambi zilipoanza kufunguliwa mwaka 1991 kuni zilikuwa karibu, baadaye wanawake walizifuata mbali, kwa hatari kubwa.

Mti wa kuchoma upo, nao ni mathenge. Wataalamu waliupanda huko Bura, ng'ambo ya Tana, miaka ya 1980, ili watu wa mradi wapate kuni. Nia ilikuwa njema, lakini mti ukatoroka shambani. Sasa waziba njia za kwenda mtoni, na maganda yake huharibu meno ya mbuzi. Watu wa Baringo waliufungulia kesi mwaka 2006! Ukikatwa huchipua tena, na makaa yake ni mazuri.

Najua mwuzaji atasema yote ni ya mathenge. Basi tuagize pamoja, kwa wachomaji tunaowajua, tuone magogo kabla ya moto. Huenda bei ikazidi kidogo. Jambo hili nitalileta katika mkutano wa tawi. Anayepinga naye aje aseme.