Mpokeaji anasaini, mtoaji yuko wapi?

Jumapili usiku, bwenini

Najua nimepotea. Majaribio ya katikati ya muhula yalinibana, halafu umeme wa huku milimani nao una mambo yake. Leo nina dukuduku, na nisipolitoa sitalala, kwa hiyo nivumilieni, itakuwa ndefu kidogo.

Wikiendi hii nilikwenda nyumbani, Gare. Kwa wale wageni: Gare ni huku kwetu Usambara, wilaya ya Lushoto. Wengi wanaijua kwa ile misheni kongwe ya Wakatoliki. Sisi wenyeji tunaijua kwa kabichi, viazi, na baridi ya mwezi wa saba inayokufanya ulale na soksi.

Jumamosi mchana nilimkuta mama kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa. Mimi nikakaa pembeni kumsubiri. Katibu, mama mmoja aliyeishia darasa la saba, akafungua daftari na kuanza kusoma. Jina, hisa, deni, faini. Jina, hisa, deni, faini. Kila mtu anasomwa, hakuna cha mkubwa wala mdogo. Mama yangu akasomwa faini ya shilingi 500 kwa kuchelewa, mbele ya wenzake na mbele ya mwanawe wa chuo kikuu! Akacheka, akafungua fundo la kanga, akalipa, halafu akasema, "Andika vizuri, usije ukanisoma tena mwezi ujao."

Jioni, tukiwa jikoni tunaota moto, mjomba akaanza uchokozi wake. "Eti wewe msomi, ile siku ya fulana mlilipwa ngapi vile?"

Nikanyamaza. Mama akaniangalia. Sasa ngoja niwasimulie na nyie, maana nimeshasema hapa huwa naandika ukweli hata kama unanichoma mwenyewe.

Ilikuwa kampeni za 2025. Chama sikitaji, maana hoja yangu leo si ya chama kimoja. Tulikusanywa vijana, tukapandishwa kwenye Fuso, tukapewa fulana na kofia, tukaenda kujaza uwanja na kushangilia. Nilishangilia kweli, sauti ikakauka. Jioni tukapanga foleni kwenye meza. Juu ya meza kuna karatasi imepigwa mistari: namba, jina, kijiji, simu, kiasi, sahihi. Kiasi ni elfu 10. Nikasaini. Wakati nasaini nikamuuliza yule kaka mwenye karatasi, "Kaka, hii hela katoa nani?"

Akanitazama kama nimemtukana. "Dogo, si umepata? Pisha wenzako."

Nikapisha. Elfu 10 yenyewe iliishia kwenye chipsi na vocha. Lakini ile karatasi haijatoka kichwani mpaka leo. Jina langu lipo, namba yangu ya simu ipo, sahihi yangu ipo. Mimi mpokeaji wa elfu 10 nimeandikwa kila kitu isipokuwa rangi ya viatu. Aliyetoa mamilioni ya kulipa foleni nzima, mafuta ya Fuso, muziki na jukwaa, hana hata herufi moja kwenye ile karatasi.

Jamani, hii ndiyo siasa yetu. Anayepokea anasaini, anayetoa hajulikani.

Najua kuna mtu ataniambia, "Wewe mtoto, sheria ipo." Ni kweli ipo, tena siyo moja. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 inataka vyama vipeleke kwa Msajili wa Vyama hesabu zilizokaguliwa, na siku hizi mkaguzi ni CAG. Halafu ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010, ile ambayo Rais Kikwete aliisaini hadharani mwezi Machi mwaka huo. Hiyo inasema chama kikipokea mchango unaozidi shilingi milioni 1 kutoka kwa mtu mmoja, au unaozidi milioni 2 kutoka kwa taasisi, kimpe Msajili taarifa.

Mmeona hapo? Kimpe Msajili. Siyo kimpe mama yangu. Taarifa inatoka chamani, inaingia ofisini kwa Msajili, safari inaishia hapo. Mimi nimezaliwa Gare, nimesoma Gare, nimepiga kura, na sijawahi kuona karatasi imebandikwa mahali inasema: fulani alikipa chama hiki kiasi hiki. Kwenye ubao wa ofisi ya kijiji nimeona orodha ya waliochangia madawati, pamoja na yule aliyetoa shilingi 2,000. Wa bilioni sijamwona.

Halafu angalieni kinyume kilivyo. Serikali ya kijiji inatakiwa iitishe mkutano mkuu kila baada ya miezi mitatu na kusoma mapato na matumizi mbele ya wanakijiji. Mwenyekiti asiposoma, wazee wa Gare watamsimamisha wima mpaka ajieleze risiti moja moja. Lakini huyo mwenyekiti kasimamishwa na chama, na chama chenyewe hakiji uwanjani kutusomea nani kakipa nini. Mtoto anabanwa, mzazi anapigiwa makofi!

Na sisi wanafunzi je? Mnaijua Bodi ya Mikopo. Wadaiwa sugu walishawahi kutangazwa majina yao nchi nzima ione. Hapo sina ugomvi, deni ni deni. Ila nauliza: kama jina la mwalimu anayedaiwa bumu alilokula 2009 linaweza kutangazwa, kwa nini jina la aliyekipa chama milioni 500 liwe siri? Nani kati ya hao wawili ana uwezo wa kugeuza maamuzi ya nchi?

Maana wahenga hawakukosea waliposema mkono mtupu haulambwi. Mtu hakipi chama mamilioni kwa sababu ya uzuri wa bendera. Wapo wanaotoa kwa imani, siwakatai, hata mama anatoa sadaka bila kudai chochote. Lakini yupo pia anayetoa leo ili kesho tenda ya barabara imkumbuke, au kibali, au msamaha wa kodi. Sisi wa milimani tunajua barabara ikijengwa hovyo inakuwaje mvua za masika zikianza. Lori la kabichi linakwama, kabichi zinaoza, mjomba anarudi nyumbani hana kitu. Sisemi barabara yetu imeliwa na mfadhili wa chama. Nasema nikitaka kujua kama aliyepewa kazi ya barabara ndiye aliyekichangia chama, sina pa kuangalia. Na hiyo peke yake ni kasoro ya kutosha.

Tukumbushane kidogo historia. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa ikaruhusu takrima, yaani mgombea akupe pilau iitwe ukarimu wa jadi. Mahakama Kuu ikaja kuifuta Aprili 2006 baada ya mashirika ya haki za binadamu kwenda kushtaki. Vizuri. Lakini tulichofunga ni mlango wa pilau. Mlango wa anayenunua mchele tukauacha wazi.

Halafu ikaja EPA. Mnakumbuka? Mwaka wa fedha 2005/06 makampuni 22 yalilipwa zaidi ya shilingi bilioni 133 kutoka Benki Kuu kinyume cha taratibu. Januari 2008 gavana Daudi Ballali akaondolewa. Wapinzani wakadai sehemu ya pesa hizo, hasa za kampuni ya Kagoda, ziliingia kwenye kampeni za CCM za 2005. CCM ikakana. Mabishano yakaendelea miaka nenda rudi, vijiweni, bungeni, magazetini. Mimi nasema hivi: kama wafadhili wa kampeni za 2005 wangekuwa wameorodheshwa hadharani, mabishano yale yangeisha kwa siku moja. Kama chama hakikuhusika, kingesema "orodha ile pale, someni," wazushi wakanyamaza. Siri humchafua hata asiye na kosa. Mficha uchi hazai.

Na wapinzani msishangilie sana. Oktoba 2013 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, chini ya Zitto Kabwe ambaye wakati huo alikuwa Chadema, ilieleza kwamba vyama tisa vilipokea ruzuku ya zaidi ya shilingi bilioni 67 katika miaka minne bila hesabu zilizokaguliwa. Sehemu kubwa ilikwenda CCM, lakini Chadema na CUF nao walikuwemo. Kila chama kikajitetea kivyake. Hiyo ni ruzuku, pesa ya kodi, ambayo angalau Hazina inajua ilitoa kiasi gani. Kama ya kodi ilileta kizungumkuti namna ile, hii ya wafadhili binafsi itakuwaje?

Agosti 2025 CCM ilifanya harambee kubwa Dar es Salaam, lengo bilioni 100, zikapatikana zaidi ya bilioni 80 zikiwemo ahadi. Chadema nao mwaka huohuo wakaanzisha "Tone Tone", wanachama wachangie kidogo kidogo. Kuchanga si dhambi. Harambee ya ukumbini angalau watu wanaonekana. Lakini kutajwa ukumbini kwa makofi siyo orodha. Ahadi ipi ililipwa? Ililipwa na kampuni ya nani? Na wale ambao hawakuja ukumbini, waliokuja usiku na bahasha, wako kwenye daftari gani?

Sasa nije kwenye hoja ngumu, ambayo rafiki yangu wa chumba kimoja amenibana nayo tangu saa mbili usiku. Anasema, "Ukitangaza majina, hakuna mfanyabiashara atakayethubutu kuchangia upinzani. Kesho yake watu wa kodi wako mlangoni." Hii hoja naiheshimu, siyo ya kupuuza. Hofu hiyo ipo kweli.

Lakini fikirini. Huyo Msajili anayepelekewa taarifa anateuliwa na nani? Na Rais. Kwa hiyo chama kikifuata sheria ilivyo leo, jina la mfadhili wa upinzani linafika kwenye ofisi ya serikali. Asiyelijua ni nani? Ni mimi na wewe tu. Siri hii haimfichi mfadhili kwa mwenye dola, inamficha kwa mpiga kura. Jina likiwa hadharani, yule mfanyabiashara akifuatwafuatwa kesho yake, nchi nzima itaona na kuuliza. Akifuatwa kimyakimya atalia na nani? Na wadogo wabaki na faragha yao. Kiwango cha milioni 1 kipo kwenye sheria tayari, kinaweza hata kupandishwa. Simtafuti mama ntilie aliyetoa elfu 5.

Wengine wanasema Afrika haiwezekani. Mbona Afrika ya Kusini imewezekana? Juni 2018 Mahakama ya Katiba kule iliamua kwamba mpiga kura ana haki ya kujua nani anavipa vyama fedha. Tangu Aprili 2021 Tume yao ya Uchaguzi inatangaza kila robo mwaka michango mikubwa, jina na kiasi. Vyama vilinung'unika, havikufa. Jirani zetu Kenya walitunga sheria yao ya fedha za kampeni 2013, halafu uchaguzi wa 2017 ulipokaribia wabunge wakaisimamisha. Wabunge walewale! Ndiyo maana nasema tusisubiri wanasiasa wajionee huruma wenyewe.

Ninachotaka siyo kikubwa. Sheria yetu ya 1992 inasema Msajili anaweza kuweka hadharani mambo ya fedha za vyama. Libadilisheni neno moja: siyo anaweza, ni lazima. Kila miezi mitatu, kama mkutano wa kijiji. Wakati wa kampeni, kabla ya kura na siyo baada. Na wahesabu vitu pia, maana siku hizi anayekopesha magari 20 na mafuta yake hajatoa hata shilingi taslimu.

Nilimweleza mama haya yote pale jikoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akageuza ugali, akasema, "Sasa na wewe ungeikataa ile elfu 10." Sikuwa na jibu. Ni kweli, ningeikataa. Niliandikwa, nikala, na leo napiga kelele. Nimeona afadhali niseme mwenyewe kuliko nisomwe na mjomba.

Mwezi ujao naanza mazoezi ya kufundisha. Nimepangiwa somo la uraia, na mada mojawapo ni vyama vya siasa. Nitaandika ubaoni vyanzo vya mapato ya chama: ada za wanachama, ruzuku, miradi, michango. Halafu najua kuna mtoto mmoja kule nyuma atanyoosha mkono. "Mwalimu, michango ya nani?"

Nitamjibu nini? Mwenye jibu aniambie kabla sijasimama mbele ya darasa. Usiku mwema.