Mzee anayehamia fleti apige hesabu kabla ya kuuza shamba

Limekuwa jambo la kawaida siku hizi kwa watoto waliopata kazi mjini kukaa kikao na kuamua kuwa baba au mama aliyebaki kijijini sasa amechoka, jembe aliweke chini, atafutiwe fleti mjini karibu na hospitali. Nia ya kikao hicho ni njema. Tatizo ni kwamba mara nyingi hujadili kodi ya nyumba peke yake, na suala la fedha hulimaliza kwa njia moja tu: shamba liuzwe.

Hapo ndipo wazee wengi wanapopotezewa kinga yao ya mwisho. Shamba likishauzwa halirudi, na fedha yake ikishaingia kwenye kodi ya nyumba ya mtu mwingine huyeyuka ndani ya miaka michache, wakati mzee bado yupo na bado anakula. Fleti nafuu kwa mzee siyo ile yenye kodi ndogo kuliko nyingine. Ni ile ambayo jumla ya gharama zake za mwezi inalipika kwa kipato cha mzee mwenyewe, bila kungoja mtoto atume fedha kwa simu.

Ieleweke kwanza kuwa Tanzania Bara mkulima au mfanyabiashara mdogo hana mahali pa kwenda kuomba fleti ya bei nafuu iliyotengwa kwa ajili ya wazee, kama zilivyo katika baadhi ya nchi zilizoendelea. Makazi ya Serikali kama Nunge jijini Dar es Salaam, Funga Funga mjini Morogoro, Njoro mjini Moshi na Kolandoto mkoani Shinyanga ni ya wazee wasiojiweza na wasio na wa kuwatunza. Zanzibar nako kuna nyumba za wazee za Sebleni na Welezo. Mzee mwenye shamba, kibanda cha biashara na watoto si mlengwa wa makazi hayo. Yeye huingia katika soko lile lile la nyumba wanalogombania vijana wenye mishahara, na nyumba zenyewe zimejengwa kwa kuwafikiria hao vijana.

Pensheni nayo isipewe uzito isio nao. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa wazee wote wenye miaka 70 na kuendelea Sh20,000 kwa mwezi, kiwango ambacho baadaye kilipandishwa hadi Sh50,000. Kenya hulipa Sh2,000 za nchi hiyo kwa wenye umri huo kupitia mpango wa Inua Jamii. Kwa Bara hakuna pensheni ya wazee wote. Mkulima aliyejiwekea akiba NSSF kwa hiari anahitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15, ili apate pensheni ya kila mwezi. Aliyeanza kuchangia akiwa na miaka 58 afanye hesabu yake mapema.

Chukua mfano wa mjane wa miaka 66 mwenye eka nne za mpunga, ambaye watoto wanataka kumpangia fleti ya vyumba viwili mjini kwa Sh200,000 kwa mwezi. Takwimu hizi ni za mfano tu, kila mmoja aweke za mji wake. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, Sh1,200,000. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, Sh200,000. Gari la kuhamisha vyombo Sh250,000. Kabla hajabandika sufuria jikoni, Sh1,650,000 zimeshatoka. Kisha kila mwezi kuna ulinzi na usafi Sh20,000, maji Sh15,000, umeme wa LUKU Sh25,000 na gesi Sh25,000. Jumla ni Sh85,000 juu ya kodi, na bado hajanunua mchele wala dawa. Hata pensheni ya Sh50,000 isingefikia bili hizo, achilia mbali kodi yenyewe.

Katika kikao cha familia, hiyo Sh85,000 ndiyo ambayo huwa haitajwi. Dalali hawezi kuitaja kwa kuwa haimhusu. Watoto nao hawaitaji kwa kuwa wamezoea kuilipa bila kuihesabu.

Jambo la pili ambalo mkulima analijua vizuri kuliko mwanawe ni majira. Kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, desturi inayomtesa mwenye mshahara, kwa mkulima haina ubaya sana kwa sababu naye hupata fedha zake kwa mkupuo. Ubaya upo katika tarehe. Mkataba ukianza Juni, mzee atalazimika kuuza mpunga wakati ghala za kila mtu zimejaa na bei iko chini. Kama gunia ni Sh60,000 wakati wa mavuno, kodi ile ya Sh1,200,000 inameza magunia 20. Kama bei imefika Sh100,000 ifikapo Januari, kodi hiyo hiyo ni magunia 12. Magunia manane yanapotea si kwa sababu nyumba ni ghali, bali kwa sababu mkataba ulisainiwa mwezi mbaya. Mwenye nyumba mwenye busara hukubali malipo ya kwanza yawe ya miezi mitatu au minne ili tarehe isogee, hasa akiambiwa kuwa mpangaji ni mtu mzima asiye na mambo ya kukesha na muziki. Ni vyema ombi hilo likatolewa kabla ya kukabidhiana fedha.

Ukaguzi wa nyumba nao usiachiwe vijana peke yao. Kijana hupanda ngazi hadi ghorofa ya tatu akiwa anaongea na simu, akarudi na taarifa kuwa nyumba ni nzuri na ina hewa. Mzee mwenye magoti mabovu atazipanda ngazi hizo akiwa na kikapu cha sokoni, tena akitegemea kuishi hapo miaka kumi. Anatakiwa aende mwenyewe, apande mwenyewe, tena mchana wa jua. Kama jengo lina lifti, swali si kama ipo, bali inaendeshwa na nini umeme ukikatika na nani anayelipia mafuta ya jenereta. Waliopitia mgao wa umeme ulioanza Septemba 2023 na kuendelea hadi mapema mwaka 2024 hawahitaji maelezo marefu. Maji pia yapo katika mkumbo huo huo, kwani katika majengo mengi hupandishwa juu kwa pampu ya umeme. Oktoba 2022, kina cha Mto Ruvu kilipopungua na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji, aliyekaa chini aliweza kujaza ndoo kwa jirani mwenye kisima. Wa ghorofa ya nne alilazimika kumlipa mtu wa kumpandishia.

Majengo ya umma yanaonyesha hayo bila kificho. Maghorofa ya Michenzani, Unguja, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yalikuwa fahari ya maendeleo wakati wake. Walioingia wakiwa vijana wakazeekea humo, na ngazi ni zile zile. Kwa Dar es Salaam kuna Magomeni Kota, ambako wakazi wa nyumba za zamani za chini walihamishwa, kisha mwaka 2016 Rais John Magufuli akaagiza wajengewe upya na kuahidi kuwa wangekaa miaka mitano bila kodi. Majengo matano ya ghorofa kwa ajili ya kaya 644 yalizinduliwa Machi 2022 na Rais Samia Suluhu Hassan. Ni mradi wa kupongezwa, kwani si mara nyingi aliyebomolewa hurudishwa pale pale. Lakini jengo la ghorofa lina taa za ngazi, pampu, uzoaji taka na ukarabati ambao nyumba ya chini haikuwa nao, na hayo hulipiwa na wakazi hata mwenye jengo akisamehe kodi.

Kuna bili nyingine ndogo inayowachanganya wapangaji wengi. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Wa kuilipa ni mwenye jengo, ila anayenunua umeme ni mpangaji. Mkataba useme wazi kuwa fedha hiyo itarudishwa au itakatwa kwenye kodi ya nyumba. Si fedha nyingi, ila mzee wa kuhesabu mia mia hana sababu ya kumlipia tajiri kodi yake.

Pengine kifungu kizito kuliko vyote kwa wasomaji wa kurasa hizi ni kile cha biashara. Wamama wengi wa umri huo wanaishi kwa friza la barafu na juisi, maandazi ya asubuhi, ama mchele unaopimwa kwa kilo mlangoni. Mikataba mingi ya fleti inakataza biashara ndani, inakataza jiko la mkaa kwenye varanda, na kuku ndiyo usiseme. Kwa mtumishi mstaafu mwenye pensheni, vifungu hivyo ni utaratibu mzuri wa usafi. Kwa mfanyabiashara mdogo ni sawa na kufungiwa duka, tena huku akiendelea kudaiwa kodi. Kama friza lilikuwa linamwingizia Sh4,000 kwa siku, fleti hiyo inamgharimu Sh120,000 zaidi kwa mwezi kuliko ilivyoandikwa. Aulize pia, bila aibu, msiba ukitokea waombolezaji watakaa wapi. Yapo majengo ambayo turubai haliruhusiwi kufungwa uani, na mzee anayejali watu wake hataki kulijua hilo siku ya msiba.

Kuhusu matibabu, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa ni mwenye miaka 60 na kuendelea, na halmashauri zilitoa vitambulisho vya matibabu bure kwa wazee wasio na uwezo. Anayehama wilaya aende na kitambulisho chake na kuuliza kwa ofisa ustawi wa jamii wa kule aendako kama kitapokelewa, kabla hajaugua. Ukaribu wa hospitali kubwa si hoja kubwa kama familia nyingi zinavyodhani. Zahanati anayoweza kuifikia kwa miguu kupima presha kila mwezi ina faida zaidi kwake kuliko hospitali ya rufaa anayoifikia kwa bodaboda ya Sh5,000.

Wapo wenye uwezo wa kununua kabisa. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo Na. 16 ya mwaka 2008 inamwezesha mtu kumiliki fleti yake kwa hati, lakini inamfunga pia kwenye umoja wa wamiliki ambao unaweza kumdai mchango wa uendeshaji wa jengo maisha yake yote. Aombe kuona hati ya sehemu anayouziwa, wala si karatasi ya mauziano peke yake, na aombe kuona michango ya mwaka uliopita ilikuwa kiasi gani. Mke au mume naye asirukwe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hivyo mzee anayeuza nyumba ya kijijini kimya kimya ili kununua fleti anajitafutia kesi uzeeni.

Kwa wengi waliobaki, hesabu itaonyesha kuwa vyumba viwili katika nyumba ya chini, pembezoni mwa mji, penye ua, bomba na jirani wa kuamkiana, vinawafaa kuliko ghorofa. Hata hivyo kuna wazee ambao fleti inawafaa kweli, hasa wanaoishi peke yao wakiogopa wezi, au wanaohitaji choo cha ndani usiku. Hao nao waanze kwa kupanga msimu mmoja, kuanzia baada ya mavuno hadi kupanda, huku shamba likiwa limekodishwa, si kuuzwa. Ukodishaji huo uandikwe. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, kwa hiyo halmashauri ya kijiji ihusishwe, mipaka itajwe kwa alama zinazoonekana, muda uwe msimu mmoja au miwili, na mkodishaji asipande miti wala kuchimba kisima bila idhini ya maandishi. Chumba kimoja cha nyumba ya kijijini kibaki kimefungwa kwa kufuli la mzee, na ufunguo akae nao yeye mwenyewe mjini.