Trekta Dogo Libaki Tambarare

Masika yakishapita Unguja yetu huwa ya kijani kila upande. Majani hufika kiunoni katika viwanja vya skuli, makaburini, nyuma ya zahanati na kando ya barabara za shamba. Wenzetu wa Mji Mkongwe hawaijui sana kazi hii, kwa kuwa nyumba zao zimebanana, na majani yao ni yale ya Forodhani, Mnazi Mmoja na Bustani ya Victoria, ambayo yana watunzaji wake. Lakini ukishatoka nje ya mji, kuanzia Mbweni hadi Bububu na Mangapwani, kila mwenye uwanja mkubwa hujiuliza: nani atafyeka?

Jibu moja linalowavutia wengi ni trekta. Si trekta jipya, bali lile dogo la zamani, Ferguson au Massey Ferguson, lililofufuliwa na fundi na kufungwa mashine ya kukatia majani kwa nyuma. Sisi wauguzi hatuna ugomvi na trekta hilo. Ferguson TE20 yalitengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1946 na 1956, zaidi ya laki tano, na hadi leo yapo yanayonguruma. Katika uwanja wa mpira trekta la namna hii huwapumzisha vijana wengi migongo. Maoni yetu ni haya tu: libaki tambarare. Penye mteremko, kazi turudishiwe mikononi.

Wapo watakaotucheka na kusema Unguja haina milima. Ni kweli, hata kilima cha Masingini, kilicho juu kuliko vyote kisiwani, hakifiki mita 150 kutoka usawa wa bahari. Lakini trekta halingoji mlima ndipo lipinduke. Linatosheka na ukingo wa mtaro, tuta la barabara, bonde la mpunga au ule mwinuko mfupi unaoshuka kuelekea pwani.

KWA NINI HUPINDUKA

Fundi mwashi anajua timazi. Ukifikiria timazi inayoning'inia kutoka katikati ya uzito wa trekta, basi ilimradi uzi wake unaangukia kati ya magurudumu, trekta limesimama salama. Uzi ukipita nje ya gurudumu la upande wa chini, trekta linakwenda. Matrekta madogo ya zamani yana magurudumu yaliyokaribiana, na dereva akiinua mashine ya kukatia majani, uzito nao hupanda juu. Hapo gurudumu la juu likikanyaga kichuguu, au la chini likaingia shimoni, mteremko uliokuwa mdogo unakuwa mkubwa ghafla. Na majani marefu huficha vyote viwili.

Kuna pia kupinduka kwa nyuma, ambako wengi hawakutarajii. Dereva anapanda mwinuko, magurudumu ya nyuma yanakwama, naye anaongeza mafuta na kuachia klachi kwa nguvu. Kwa kuwa magurudumu yamegoma kuzunguka, ni trekta lenyewe linaloinuka mbele na kumwangukia dereva mgongoni. Yote hayo huchukua chini ya sekunde mbili. Hakuna kijana mwepesi kiasi cha kuruka kwa muda huo.

Hata trekta tunaloliita dogo lina uzito wa zaidi ya tani moja. Likimlalia mtu, kifua hushindwa kupumua, nyonga na mapaja huvunjika, na damu nyingi humwagikia ndani, mahali ambapo jicho halioni. Majeruhi wa namna hii anaweza kuwa anazungumza vizuri alipotolewa, kisha hali ikabadilika njiani.

Dunia imelijua jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1959 Uswidi iliamuru kila trekta jipya liwe na kinga ya chuma inayomlinda dereva likipinduka, na nchi nyingine zikafuata. Vifo vikapungua sana. Lakini trekta lililotengenezwa kabla ya sheria hizo halina chuma hicho, isipokuwa liwe limefungwa baadaye. Kwa hiyo tunapolisifu kuwa la zamani na imara, tukumbuke kuwa uimara wake ni wa injini, si wa kumlinda aliyelikalia.

PIMENI MTEREMKO WENU

Watengenezaji wengi wa mashine za kukatia majani za kukalia huonya zisitumiwe penye mteremko unaozidi nyuzi 15. Kipimo hicho mnaweza kukipata bila chombo cha ghali. Chukueni ubao wa mita moja na pima maji ya fundi. Ncha moja ya ubao iguse ardhi upande wa juu, na ncha ya chini iinuliwe mpaka pima maji ioneshe usawa. Kisha pimeni nafasi iliyobaki kati ya ncha hiyo ya chini na ardhi. Ikizidi sentimita 27, mmevuka nyuzi 15. Kwa trekta la zamani lisilo na kinga ya chuma, sisi tungesimama mapema zaidi ya hapo, na majani yakiwa na umande au mvua tusingepanda kabisa.

Zipo sababu nyingine za kulihurumia eneo la mteremko. Matairi yanayoteleza kwenye udongo uliolowa huacha mifereji, na mifereji hiyo hushika maji ya mvua yanayopigwa na jua. Hayo ndiyo mazalio anayoyapenda mbu wa malaria. Wengi hufyeka wakidhani mbu huzaliwa majanini, kumbe huzaliwa majini. Zanzibar imepigana sana kuishusha malaria, basi tusimchimbie mbu visima kwa matairi yetu.

DEREVA NA WALIO KARIBU

Hata tambarare pana masharti yake, nasi tunayaandika wazi ili yasomwe nyumbani.

1. Trekta lina kiti kimoja, basi lina mtu mmoja. Mtoto asipakatwe wala asikalishwe juu ya kifuniko cha gurudumu. Akidondoka, huangukia pale pale panapopita gurudumu au visu.

2. Matrekta mengi ya zamani yana pedeli mbili za breki, moja kwa kila gurudumu la nyuma. Nje ya kazi ya kulima zifungwe pamoja. Ukikanyaga moja tu kwenye kijiteremko, trekta hugeuka upande.

3. Ile shafti ya nyuma inayozungusha visu huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kwa sekunde. Kanzu, kikoi au pindo la khanga likinaswa, mwenyewe hufuata. Shafti iwe na kifuniko, na mtu asisogee kabla injini haijazimwa na visu kusimama.

4. Ardhi ya maweni, kama ya kusini na mashariki ya kisiwa, imejaa mawe ya matumbawe. Kisu kikiligonga jiwe hulirusha makumi ya mita. Watoto wawe darasani au nyumbani, si pembeni wakitazama.

5. Trekta likiwa na kinga ya chuma, dereva afunge mkanda. Lisipokuwa nayo, asijifunge.

IKITOKEA AJALI

Zimeni injini kwanza. Trekta lililolala juu ya mtu lizuiwe kwa magogo au mawe kabla halijainuliwa, maana likirudi mara ya pili humaliza kilichobaki. Jeraha linalotoka damu libanwe kwa nguvu kwa kitambaa safi, wala lisipakwe majivu, mafuta ya taa au kahawa. Kidole kilichokatika kifungwe katika kitambaa safi, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko huo ndio uwekwe kwenye barafu. Aliyelaliwa na trekta apelekwe hospitali hata akisema hajambo, akiwa amelazwa ubaoni bila kukunjwa mgongo.

Tena kila jeraha lenye udongo linatafuta chanjo ya pepopunda. Akina mama huchanjwa wanapokuwa wajawazito. Akina baba na vijana wanaofyeka, ambao ndio wanaochezea udongo na samadi, wengi hawakumbuki walichanjwa lini. Waulizeni kituo cha afya kabla ya kuumia.

MTEREMKO TUUFANYEJE?

Tunajua fyekeo nalo ni kazi nzito, na huumiza miguu ya asiyevaa mabuti. Lakini jeraha la fyekeo mara nyingi hushonwa, na mwenyewe akarudi nyumbani. Vijana wafyeke asubuhi, wakiachana nafasi, na walipwe haki yao. Mbuzi wa jirani wanaweza kufungwa kambani kwenye ukingo. Na mahali panapotusumbua kila mwaka, kwa nini tusipande mchaichai kwa mistari ya kukingama mteremko? Mizizi yake hushika udongo, majani yake tunakunywa kwenye chai, na ukingo hauhitaji tena mashine.

Tunaziomba kamati za viwanja na za skuli, kabla ya mvua zijazo, zitembee na ubao na pima maji. Pale trekta linapopaswa kuishia, wekeni mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa, na dereva aambiwe mbele ya wote kwamba hapiti hapo, hata mgeni rasmi akiwa njiani. Majani yakibaki marefu wiki moja zaidi, hakuna atakayekufa kwa sababu hiyo.